Kibanda cha Mita Tatu kwenye Mfereji wa Oxford

Asubuhi ya kiangazi karibu na kijiji cha Wormleighton, katikati ya Uingereza, boti huondoka bila haraka. Aliyeikodi hukunja kamba mbili, hung'oa vigingi viwili vya chuma vilivyopigwa kwenye nyasi, huwasha injini, kisha husimama tezi na kushika kana. Mbele yake kuna karibu mita 20 za chuma kilichopakwa rangi, lakini upana wa chombo chote ni mita mbili na kidogo tu. Mtu mzima akisimama ndani na kunyoosha mikono, hukaribia kugusa kuta zote mbili. Sheria inaruhusu mwendo wa kilomita 6.4 kwa saa, na mara nyingi hata hizo hazifikiwi, kwa sababu mfereji ni mwembamba na wimbi la injini iliyolazimishwa hula kingo. Mzee anayetembea na mbwa wake kwenye njia iliyo kando ya maji huipita boti, akasalimia, akaenda zake.

Kutoka hapo hadi mji wa Banbury ni kilomita 20 hivi za maji. Boti huzimaliza kwa siku nzima, wakati gari lingetumia chini ya nusu saa. Familia nyingi hulipa pesa nzuri kila mwaka ili wapewe siku hiyo ndefu: chai ikichemka jikoni, mierebi ikiinama juu ya maji, mdiria akikatiza mbele ya omo kama cheche ya buluu.

Mfereji huo ulichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Kwa zaidi ya miaka 170 shehena ilipita hapa, na walioisogeza walikuwa farasi, nyumbu, na watu waliolala, wakapika, wakazaa na wakafa ndani ya chumba kimoja cha urefu wa mita tatu nyuma ya mzigo. Maji yao yametunzwa. Malango waliyoyasukuma yametunzwa, na hata maua waliyoyachora kwenye milango ya vibanda vyao bado yanachorwa. Wenyewe hawapo tena, na anayesafiri kwa starehe kwenye mfereji huu anapaswa kujua anapita katika sebule ya nani.

Mambo yalianzia kaskazini zaidi, Worsley, karibu na Manchester. Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater, alikuwa kijana mwenye migodi na tatizo moja. Makaa yalikuwa tele ardhini mwake, wanunuzi walikuwa mjini, na barabara ya kati yao ilikuwa mbovu. Katika safari zake za ujana alikuwa ameuona Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, mfereji mkubwa uliofunguliwa mwaka 1681. Aliporudi nyumbani akaomba idhini ya Bunge achimbe wa kwake. Julai 1761 boti ya kwanza ilivuka mto Irwell pale Barton ikiwa juu angani, ndani ya daraja la mawe lililobeba maji, huku vyombo vya mtoni vikipita chini yake. Watu walitoka mbali kwenda kuutazama mwujiza huo wa Barton. Wakazi wa Manchester walikuwa na sababu nyingine ya kufurahi: bei ya makaa yao ilishuka kwa karibu nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Farasi aliyebebeshwa mgongoni alimudu kilo 125 hivi. Akifungiwa gari katika barabara nzuri, alivuta tani mbili. Farasi huyohuyo akitembea kando ya mfereji na kamba nyuma yake alivuta boti yenye tani 25 na zaidi, kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Aliyeipima njia ya Duke alikuwa James Brindley, fundi wa vinu kutoka Derbyshire, aliyezaliwa mwaka 1716. Hakusoma sana. Daftari zake zilizobaki zimeandikwa maneno jinsi alivyoyatamka, bila kujali tahajia. Husimuliwa kwamba akishindwa na hesabu alikwenda kulala, akakaa kitandani siku moja au mbili hadi jibu lije, kisha akainuka na kuwapa watu kazi. Silaha yake kubwa ilikuwa tope. Udongo wa mfinyanzi ukichanganywa na maji na kukanyagwa sana, kwa miguu ya watu au kwato za ng'ombe waliopitishwa humo, hugeuka kuwa bitana isiyovuja. Brindley aliitandaza bitana hiyo chini na pembeni mwa mifereji yake, na mpaka leo kilomita nyingi za maji ya Uingereza zinashikiliwa na udongo uliokanyagwa namna hiyo.

Uamuzi wake mwingine ndio unaomfanya msafiri wa leo alale kwenye kitanda chembamba. Mwaka 1766 ulianza kuchimbwa mfereji wa Trent na Mersey, na jembe la kwanza lilipigwa na Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri aliyechoka kuona vyombo vyake vikivunjika kwenye mabegi ya farasi. Njia ilikuwa lazima itoboe mlima pale Harecastle, handaki la zaidi ya kilomita mbili na nusu, ambalo lilichukua miaka 11. Kila sentimita ya upana ilimaanisha mwamba zaidi wa kuvunja na maji zaidi ya kupoteza. Brindley akachagua loki, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, za upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 22 hivi. Mifereji mingi ya katikati ya nchi iliyoungana na huo ikafuata kipimo hicho, na kila boti iliyotaka kwenda kote ikalazimika kujibana humo. Boti za likizo zinazoundwa leo kwa chuma na kuwekewa bafu, jokofu na intaneti zina upana uleule, kwa sababu malango bado ni yaleyale.

Ndani ya handaki la Harecastle hapakuwa na njia ya farasi. Farasi alipelekwa juu ya mlima, na watu wakalala chali juu ya boti, wakaweka miguu ukutani au kwenye paa la handaki, wakatembea hivyo gizani hadi upande wa pili. Saa kadhaa za kazi hiyo zilihitajika kuvuka mara moja. Handaki la pili, lililojengwa na Thomas Telford kando ya la kwanza, lilifunguliwa mwaka 1827, nalo lilichukua miaka mitatu tu.

Mfereji wa Oxford uliidhinishwa na Bunge mwaka 1769, Brindley akiwa mhandisi wake. Alikufa mwaka 1772 kabla haujafika mbali, na Samuel Simcock, msaidizi wake, akauendeleza kwa mtindo aliofundishwa: kufuata usawa wa nchi. Palipo na kilima, mfereji hukizunguka. Penye bonde, huambaa ukingoni mwake. Namna hiyo hakuna haja ya madaraja marefu wala ya kukata ardhi sana, na pesa huokolewa. Matokeo yake huonekana vizuri karibu na Wormleighton. Msafiri huona mnara wa kanisa upande wa kulia, baada ya dakika kadhaa akauona mbele, halafu akashangaa kuukuta nyuma yake, ilhali boti imekuwa ikienda wakati wote.

Kilima hicho kina habari yake ya zamani kuliko mfereji. Mabonde madogo na matuta yanayoonekana kwenye malisho kando ya maji ni mabaki ya makazi ya kale. Wanakijiji walifukuzwa mwishoni mwa karne ya 15 ili ardhi igeuzwe malisho, na mwaka 1506 eneo hilo lilinunuliwa na John Spencer, mfuga kondoo aliyejenga utajiri wa ukoo ambao baadaye ulimzaa Diana, Princess wa Wales. Kondoo bado wapo, wanakunywa maji ya mfereji.

Sehemu ya kaskazini ya mfereji ilinyooshwa kati ya mwaka 1829 na 1834, wakati ushindani ulipouma, na takriban kilomita 22 za mizunguko zikakatwa. Kusini hakuna aliyeona faida ya kunyoosha, na ndiyo maana mizunguko ya Wormleighton ipo hadi leo. Wafanyabiashara wa zamani waliilaani. Mtu wa likizo huipenda kuliko sehemu nyingine zote.

Saa tatu au nne asubuhi boti hupita Fenny Compton na kuingia mahali panapoitwa handaki, ingawa juu kuna mbingu. Handaki la kweli, lenye urefu wa kilomita moja hivi, lilikuwa hapo tangu karne ya 18, na boti mbili hazikuweza kupishana kirahisi ndani yake. Katika karne ya 19 kampuni ya mfereji ililifungua kipande kwa kipande hadi likawa shimo refu la wazi lenye miti pande zote mbili. Jina limekataa kuondoka. Karibu na hapo reli huukaribia mfereji, na treni za Birmingham hupita kwa kishindo kinachotikisa majani. Reli ya Oxford hadi Birmingham kupitia Banbury ilifunguliwa mwaka 1852, na kuanzia siku hiyo kila aliyeshika kana kwenye mfereji huu alikuwa akimwona mshindani wake kwa macho.

Kilichowapata watu wa boti baada ya reli kinahitaji kuelezwa taratibu.

Mwanzoni wengi wa mabaharia wa mifereji walikuwa wanaume wenye nyumba za kawaida nchi kavu. Mke alibaki nyumbani, na mume alisafiri na kijana wa kuongoza farasi. Reli iliposhusha bei ya usafirishaji, kampuni za boti zilipunguza malipo, na mshahara wa msaidizi na kodi ya nyumba vikawa mzigo usiobebeka. Familia zikapanda botini. Mke akawa baharia, mtoto wa miaka sita akawa mwongoza farasi, na kwa kazi yao hawakuandikiwa chochote. Nahodha ndiye aliyelipwa, kwa tani na kwa safari. Loki zikifungwa kwa matengenezo, maji yakiganda, au mzigo ukichelewa kupakuliwa, hakukuwa na malipo.

Kibanda cha nyuma kilikuwa na urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili. Ukishuka ngazi, jiko dogo la makaa lilikuwa upande mmoja. Pembeni yake kulikuwa na kabati ambalo mlango wake uliangushwa ukawa meza. Benchi la ukutani lilikuwa kitanda cha watoto, na ubao mwingine ulilazwa kati ya ukuta na ukuta usiku ili wazazi walale. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, kwa sababu pasipo mahali pake hapakuwa na pengine. Juu ya paa palikaa kopo la maji ya kunywa, limechorwa mawaridi, na mlangoni palichorwa kasri lenye minara kando ya ziwa. Sahani zenye kingo za nakshi zilitundikwa ukutani na utepe, na shaba ilisuguliwa mpaka iakisi uso. Mtoto mdogo alifungwa kamba kwenye paa la kibanda asidondoke majini wakati mama ameshika kana. Hata hivyo watoto walizama, na wengine walibanwa kati ya boti na ukuta wa loki.

Watu wa nchi kavu waliwaona wakipita na kuwadharau. Mwaka 1875 George Smith wa Coalville, mtu aliyekuwa amepigania watoto wa viwanda vya matofali, alichapisha kitabu kuhusu hali yao, akawaeleza kuwa wachafu, walevi na wasiojua Mungu. Alitia chumvi, na wenye vibanda vinavyong'aa walikasirika kwa haki. Lakini kelele zake zilizaa sheria mbili. Ya mwaka 1877 ililazimisha boti zinazokaliwa ziandikishwe na kuwekewa kikomo cha watu wanaolala ndani. Ya 1884 ilileta ukaguzi wa mara kwa mara na ikajaribu kuwapeleka watoto shule. Ilijaribu tu, kwani mtoto aliyelala Banbury leo na Napton kesho alikaa darasani siku moja, mwalimu akamweka nyuma, kesho yake akawa hayupo. Vizazi kadhaa vilikua hivyo, vikijua kila loki kwa jina na kina chake, bila kuweza kusoma ubao uliokuwa umeandikwa jina la boti yao wenyewe.

Katika mfereji wa Oxford walikuwepo pia waliojitegemea, familia zilizomiliki boti zao na kujadiliana bei ya mzigo moja kwa moja na wafanyabiashara. Walijulikana kama Namba Moja. Jina hilo lilisemwa kwa heshima. Joe na Rose Skinner wa Hawkesbury, karibu na Coventry, walikuwa wa mwisho wao. Boti yao iliitwa Friendship, na hata wakati injini zilikuwa zimeenea kote, wao waliendelea kuvutwa na nyumbu. Waliacha kazi mwaka 1959.

Mchana boti hufika Claydon, na kazi huanza. Hapa ndipo ardhi inashuka kuelekea bonde la mto Cherwell, na kati ya hapa na Banbury kuna loki 12. Loki ni chumba cha matofali chenye malango mazito ya mbao kila mwisho. Boti huingia, lango hufungwa nyuma yake, kisha mtu aliyeshuka nchi kavu huzungusha gurudumu la meno kwa mkono wa chuma na kufungua tundu chini ya lango la mbele. Maji hutoka kwa mngurumo. Kuta zenye kuvu za kijani huonekana zikipanda, na aliyeshika kana hushuka kimyakimya kama ndoo kisimani, akiangalia kwa makini nyuma ya boti isikwame juu ya kizingiti. Maji yakilingana pande zote mbili, lango ambalo dakika tano zilizopita lisingesogezwa na ng'ombe kumi hufunguka kwa mtu mmoja kuliegemea na mgongo. Matofali ya ardhini nyuma ya malango yamepangwa yakiwa yameinuka ili mguu upate pa kukanyaga, na mengi yamelika katikati. Yaliliwa na nyayo za watu wa vibandani.

Kila boti inayopita loki moja hutumia zaidi ya lita 100,000, na maji hayo hayarudi juu yenyewe. Ndiyo sababu wachimbaji walijenga mabwawa ya Clattercote, Wormleighton na Boddington ili kuulisha mfereji. Kiangazi kikavu kikiyapunguza, loki hufungwa saa fulani za siku, na watu wa likizo hulalamika. Familia za zamani katika hali hiyo zilikosa chakula.

Mbele zaidi, kusini mwa Banbury, kuna madaraja ya mbao ambayo picha zake zimejaa kwenye kalenda: ubao mmoja mpana, na juu yake mihimili miwili inayoelekea angani kama mikono. Mtu huning'inia kwenye mhimili, daraja likainuka, boti ikapita. Uzuri huo ulitokana na ufukara. Fedha za kampuni ziliisha mfereji ulipofika Banbury mwaka 1778, na kazi ikasimama kwa miaka minane. Ilipoendelea mwaka 1786, kila kitu kilifanywa kwa bei ya chini: madaraja ya mbao badala ya ya matofali, lango moja badala ya mawili, na pale ilipowezekana, mto Cherwell wenyewe ukatumika kama mfereji. Tarehe 1 Januari 1790 boti za makaa ziliingia Oxford. Kabla ya hapo mji huo wa vyuo ulipata makaa yake kwa njia ndefu ya bahari na mto Thames, na wasio na uwezo walitetemeka kila majira ya baridi.

Gati ya Oxford ambako shangwe hizo zilifanyika haipo. Ilinunuliwa na Lord Nuffield, tajiri wa viwanda vya magari, ikafukiwa, na juu yake kikajengwa Chuo cha Nuffield. Mtu aliyetajirika kwa magari alifunika mwisho wa mfereji.

Jioni inapokaribia, boti hupita Cropredy, kijiji cha mawe ya rangi ya asali, na wengi hufunga hapo kwa saa moja wapumzike. Kisha hubaki loki chache na kelele za barabara kuu ya M40, ambayo hukatiza juu ya mfereji kabla ya Banbury. Magari hayaonekani kutoka chini. Husikika tu, kama upepo usiokatika.

Banbury kuna karakana inayoitwa Tooley's. Ilianzishwa mwaka 1790, na ina kidimbwi kinachoweza kukaushwa, chenye ukubwa wa kuingiza boti moja. Hapo, Julai 1939, kijana mhandisi aitwaye L. T. C. Rolt alimaliza kuitengeneza boti kuukuu ya mbao iliyoitwa Cressy, akaondoka nayo pamoja na mkewe Angela. Vita vya pili vya dunia vilianza wakiwa njiani. Kitabu alichoandika kuhusu safari ile, *Narrow Boat*, kilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kutoka Desemba 1944. Uingereza iliyochoshwa na mabomu ilikipokea kama mtu mwenye kiu. Watu wengi hawakuwa wakijua kwamba nyuma ya viwanda vyao palikuwa na maji yanayopitika na watu wanaoishi juu yake.

Wakati kitabu kikisomwa, boti bado zilikuwa kazini. Serikali ilikuwa imewafundisha wanawake vijana kuendesha boti mbili mbili, moja yenye injini na nyingine ya kuvutwa, zikipeleka vyuma na bidhaa za kivita kutoka London hadi Birmingham na kurudi na makaa ya Coventry. Wengi walikuwa mabinti wa nyumba zenye watumishi. Mengi walijifunza kutoka kwa wake wa mabaharia, na baadhi yao waliandika vitabu vyenye shukrani kwa wanawake hao, ambao wenyewe hawakuweza kuvisoma.

Msomaji mmoja wa Rolt, Robert Aickman, alimwandikia barua, wakaonana mwaka 1945 kwenye boti, na mwaka uliofuata chama cha kuitetea mifereji kikaanzishwa. Ushirikiano wao haukudumu. Aickman alitaka kila mfereji uliokuwepo uokolewe kwa matumizi yote, starehe ikiwemo. Rolt aliwaza kwanza juu ya watu waliofanya kazi majini, maisha yao, lugha yao, ufundi wao. Mwaka 1951 alifukuzwa kwenye chama alichosaidia kukianzisha.

Kwa hesabu ya mifereji, Aickman alishinda, na ni haki kumshukuru. Serikali iliitaifisha mifereji tarehe 1 Januari 1948, na mingi iliachwa ijae matope na baiskeli zilizotupwa. Watu wa kujitolea ndio waliozirudia njia hizo kwa majembe. Mfereji wa Stratford ulifufuliwa na wapenzi wa maji, wanajeshi na wafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1964. Ule wa Kennet na Avon, wenye loki 29 zinazopanda mlima pale Devizes, ulifunguliwa mwaka 1990. Handaki la Standedge, refu kuliko mahandaki yote ya mifereji nchini likiwa na kilomita tano, lilipitika tena mwaka 2001. Leo shirika la hisani lililoanza kazi mwaka 2012 linatunza zaidi ya kilomita 3,000 za mifereji na mito, na boti zilizo juu yake ni nyingi kuliko zilivyokuwa enzi za makaa ya mawe.

Kwa hesabu ya watu, Rolt aliona sawasawa. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 maji yaliganda kwa karibu miezi mitatu. Boti zilikaa zimenaswa na shehena zao, wateja wakahamia kwenye malori, na barafu ilipoyeyuka hawakurudi. Mwaka 1963 mamlaka ya serikali iliachana na karibu boti zake zote za mizigo. Mkataba mkubwa wa mwisho wa safari ndefu, wa kupeleka makaa kwenye kiwanda cha jemu magharibi mwa London, uliisha mwaka 1970. Familia zilipewa nyumba nchi kavu. Wengine walifurahi kupata bomba la maji na shule ya kudumu, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Wengine, wazee hasa, hawakuweza kulala kwenye chumba kisichotikisika.

Kuna jambo moja ambalo mpenzi wa starehe hapaswi kulipita upesi. Kodi za nyumba za London na miji mingine zimepanda hivi kwamba maelfu ya watu wamehamia tena botini, wengi wao bila gati ya kudumu. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka mtu wa namna hiyo asikae mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo. Anayelala Banbury leo lazima baada ya wiki mbili awe amesogea, pamoja na watoto wake na shule zao. Kodi ndiyo iliyowapandisha botini familia za karne ya 19, na kodi ndiyo inayowapandisha hawa.

Jioni boti hufungwa karibu na karakana ya Tooley's, ambayo siku hizi imezungukwa na maduka makubwa ya kioo. Daraja lililo hapo limepewa jina la Rolt. Friendship, boti ya akina Skinner, imehifadhiwa katika makumbusho ya mifereji ya Ellesmere Port, si mbali na Liverpool. Atakayepanga siku yake ya polepole kwenye maji ya Uingereza aanzie huko. Asimame mbele ya kile kibanda, apime kwa macho mita zake tatu, ahesabu ni watu wangapi walilala humo, kisha ndipo aende kuchukua ufunguo wa boti yake.